Vichwa Alivyovinyoa Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajakaa kitini, kinyozi alichukua wembe mpya, akauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, akachomeka nusu moja kwenye mpini, kisha akajinyoa mkono wa kushoto. Mkono wenyewe haukuwa na haja. Ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga, hauna hata unyweleo wa kusingizia. Lakini aliupitisha wembe kutoka kwenye kiwiko mpaka kifundoni, taratibu, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza, ndipo aseme, "Haya, aje wa kwanza." Mkono wa kulia, ule unaoshika wembe, ulibaki na vinyweleo vyake kama Mungu alivyoviotesha. Wateja hawakuchoka kumtania kwamba ana mkono mmoja wa kike na mwingine wa kiume.

"Na huo wa kiume ndio unaofanya kazi," walisema, na benchi zima likacheka.

Yeye alijibu vilevile miaka yote. "Wembe ukinikwaruza mimi, hautafika kwenye koo la mtoto wa mwenzangu."

Maneno hayo aliyapata kwa baba yake, aliyekuwa na chumba hichohicho kabla yake. Chumba chenye dirisha moja, kiti cha chuma cha kuzunguka, kioo kikubwa ukutani kilichoanza kuota madoa meusi chini, na kioo kidogo cha mkononi chenye mgongo wa bati. Mzee alitaka mwanawe wa kiume airithi kazi. Mwana tangu utotoni alisema nywele zinamwasha shingoni, na alipokua akaenda zake kutafuta kazi ya kuvaa shati lililonyooshwa, akaipata: msimamizi wa ghala katika kiwanda cha unga. Aliyebaki ni binti, aliyekuwa akija kufagia tu. Mzee alimfundisha kwa shingo upande, na kwa kuwa hakuna mteja aliyekubali kuwa wa kwanza chini ya mkono wa msichana, alijifunzia kwenye kichwa cha huyohuyo mdogo wake, wangali watoto. Ndiyo maana kaka mtu alikuwa na kovu nyuma ya sikio la kulia, dogo kama punje ya mchele, mahali ambapo nywele hazikuota tena. Siku ile kaka alilia mpaka majirani wakaja. Dada naye akalia kwa kumhurumia, akamwahidi kwamba hatamkata tena, na kweli hakumkata tena.

Walipokua, alimnyoa na ndevu pia. Akalijua koo lake kama mtu anavyojua ngazi za nyumba aliyozaliwa. Alijua, kwa mfano, kwamba kaka akitaka kusema jambo lisilo la kweli humeza mate kwanza, na kikoromeo hupanda, hukaa juu kidogo, halafu hushuka. Alikuwa hivyo tangu enzi za kumwaga mafuta ya taa na kumsingizia paka. Dada hakuwahi kumwambia. Aliona si vizuri kumnyang'anya mtu mlango wake wa kutokea.

Kaka huyo alikuwa na binti mmoja, na huyo binti ndiye tutakayekaa naye benchi moja katika kisa hiki. Alikuwa na shahada, miwani mizito, na haya nyingi. Alikuwa mtu wa kuulizwa swali leo akajibu kesho kutwa, tena kwa maandishi. Shangazi yake alimwita Profesa. Tangu amalize chuo, alizoea kuja kusoma pale kinyozini, kwenye pembe ya dirisha, kwa sababu nyumbani kila mgeni alimuuliza ataolewa lini, ilhali pale wanaume walizungumza juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Hilo la kutokuwapo alilipenda. Alisikia mengi.

Kubwa kuliko yote, aliona jambo ambalo hakulikuta kwenye kitabu chochote. Mwanamume anaingia amefura, anamkaripia mtu kwenye simu, anakaa kitini, anafunikwa shuka, anaegemeza kichwa nyuma, anafumba macho, anaacha koo lake wazi chini ya wembe wa mwanamke. Wengine walisinzia. Hakuna mahali pengine duniani ambapo wanaume wale wangemwamini mwanamke kiasi hicho, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba anaamini.

*

Habari ya udiwani ilianzia kwenye choo.

Soko la kata lilikuwa na vyoo viwili. Cha wanaume kilikuwa wazi. Cha wanawake kilifungwa kwa kufuli, kikawekwa magunia ya mtu ambaye kila mmoja alimjua na hakuna aliyemtaja. Wanaume walipobanwa hawakuona shida, ukuta upo. Wauza mboga waliacha kunywa maji tangu alfajiri ili wasibanwe. Mmoja wao, muuza nyanya aliyekaa mkabala na kinyozi, alianguka siku moja juu ya nyanya zake mwenyewe, na daktari akasema figo. Kinyozi akafunga duka, akaenda ofisi ya kata, akakaa kwenye benchi la wageni. Kesho yake akaenda tena. Alikuwa na subira ya mtu anayenyoa watoto. Alikwenda mpaka karani akachoka kumwona, kufuli likakatwa, magunia yakatoka, na mtu asiyetajwa akayabeba mchana kweupe huku akitazama chini.

Benchi ndilo lililosema kwanza. "Mama Wembe, gombea!"

"Nigombee nini mimi? Nina vichwa vyangu."

"Diwani tuliyenaye anatufaa nini?" alisema Mwalimu, mstaafu aliyekuja kunyolewa kila Jumamosi na kubaki mpaka jioni. "Ana sauti tu. Kura yangu hiyo, weka mfukoni."

"Na yangu," alisema fundi baiskeli.

Diwani waliyekuwa naye aliitwa Spika, kwa sababu alipoongea hata waliofunga milango walisikia. Alikaa kitini miaka mingi bila kuleta hata ndoo ya mchanga. Kwa hiyo kaka mtu alipokwenda kumchukulia dada yake fomu na kurudi nayo ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya chakula, lilionekana jambo la maana.

"Dada, watu wanakutaka," alisema. "Wewe nyamaza tu, mimi nitakusimamia. Mimi ndiye meneja wako."

Shangazi mtu aliitazama ile fomu, akamtazama mdogo wake. "Wewe ukiwa nyuma yangu, basi," alisema. "Wewe ukiwa nyuma yangu, sitageuka kutazama."

Profesa akapewa kazi ya kuandika hotuba. Aliandika vizuri, maana kuandika hakukumtia haya. Alieleza habari ya choo, mtaro unaofurika mbele ya shule, taa za zahanati. Kila hoja aliisimamisha imara. Aliamini, kama wanavyoamini wasomaji, kwamba mtu akionyeshwa jambo wazi ataliona.

Benchi likaanza kutoa ushauri.

"Mimi sina shida na mwanamke," alisema fundi baiskeli. "Nyumbani kwangu mwanamke ndiye rais."

"Rais wa sufuria!" akadakia mwingine.

"Ngoja niseme. Tatizo la Mama Wembe ni upole. Udiwani unataka mtu wa kugonga meza."

Kinyozi alikuwa akimnyoa mtu. Akahamia shavu la pili. Lakini kwenye mkutano uliofuata, mtu wa Spika alipomzomea, aligonga meza, akasema, "Nyamaza, nawe ulikuwa na magunia mangapi mle chooni?" Watu wakashangilia. Wiki ile ile fundi baiskeli akakaa kwenye kiti kile kile, akasikitika kwa kinywa kile kile.

"Amekuwa mkali, bwana. Mwanamke akikaripia namna ile mbele za watu, huko nyumbani alikuwaje? Si ajabu mume alikimbia."

Wembe ulikuwa shingoni mwake wakati anasema. Profesa aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Shangazi yake aliusafisha wembe kwenye kitambaa, akaendelea pale alipoachia.

*

Jumamosi ya mwisho kabla ya uchaguzi, duka lilijaa tangu kunakucha. Waliokaa walikaa, waliosimama wakaegemea ukuta. Kila mtu alitaka kuchongwa vizuri, mstari wa shingoni unyooke, ndevu zikae sawa.

"Leo kuna nini?" aliuliza kinyozi.

"Harusi," alisema mmoja.

"Nina mgeni," alisema Mwalimu.

"Basi tu, nimejiona mchafu," alisema fundi baiskeli.

Kaka naye alipita, akapitishwa mbele kwa heshima ya undugu. Alikuwa amevaa shati la mistari ya bluu, ambalo Profesa alilipiga pasi asubuhi ile, ukosi mara mbili kwa sababu ukosi wake una tabia ya kukunjika upande mmoja. "Nina kikao cha dharura kazini," alisema. Akameza mate. Kikoromeo kikapanda, kikakaa, kikashuka. Dada yake alisubiri kitulie, akapitisha wembe. Akamwonyesha kisogo kwa kile kioo kidogo, kama anavyomwonyesha kila mteja, ili mtu aone kazi iliyofanywa pale asipoweza kupaona mwenyewe. "Safi, dada," alisema, akaenda.

Alasiri ile Spika alikuwa na mkutano uwanjani.

Jumatatu video ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu wa kata nzima. Profesa aliipata, akataka kusikia maneno ili aandike jibu. Ilikuwa saa ya jua kali, duka halina mtu, shangazi anakausha mikono. Wakaitazama pamoja.

Aliyeipiga alikuwa amesimama juu ya lori nyuma ya umati. Spika alionekana kwa mbali, mdogo kama kidole. Kilichojaa kwenye kioo cha simu ni visogo, safu kwa safu. Lakini sauti ilifika, kama kawaida yake.

"Kina mama! Amewafungulia choo? Mshukuruni! Mpelekeeni sabuni! Lakini kiti cha udiwani si kiti cha choo!"

Kicheko.

"Mwanamke huyu kazi yake nini? Kupapasa vichwa vya waume zenu, asubuhi mpaka jioni! Mimi namuuliza: vya wengine anavishika vyote, cha mumewe kiko wapi?"

Kicheko kikapanda. Visogo vikatikisika.

"Mume mmoja amemshinda! Kata nzima ataiweza? Au tutapanga foleni atupapase mmoja mmoja?"

Hapo visogo vikaanguka nyuma kwa kucheka, mikono ikainuka juu, watu wakapigana vikumbo. Kulikuwa na sauti ya kugugumia ndani ya kile kicheko, kama ya watu wanaokula.

Katikati ya safu ya tatu Profesa akaona ukosi wa mistari ya bluu, umekunjika upande mmoja. Mikono yenye mistari hiyo ilikuwa imeinuliwa juu kabisa, inapiga makofi. Kichwa kimelala nyuma. Akajisikia kama mtu aliyegundua unywele kwenye tonge alilokwisha kulimeza nusu.

"Haisikiki vizuri," alisema haraka, akataka kuizima. "Haina maana, shangazi. Ni visogo tu."

"Irudishe."

Akairudisha. Shangazi akavaa miwani yake ya kusomea, akasogeza uso, akaanza kupitisha kidole juu ya simu, polepole, kama anavyopitisha kwenye kichwa kutafuta mahali pa kuanzia.

"Huyu Mwalimu. Nywele zake zinazunguka mara mbili utosini, zinanisumbua kila wiki. Huyu fundi baiskeli, mstari huo nimemchora mimi, bado mpya. Huyu wa harusi." Kidole kikaenda. "Huyu mwanawe nilimnyoa nywele za kwanza. Huyu ana ngozi ya kutoka vipele, ananilipisha dawa." Kidole kikafika safu ya tatu, kikasimama. Profesa alimtazama shangazi yake usoni, halafu akaangalia pengine, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. Nyuma ya sikio la kulia, kwenye kichwa kile kilicholala kwa kicheko, palikuwa na kidoa cheupe kama punje ya mchele.

Kidole kikainuka, kikaruka kichwa hicho, kikaendelea na cha jirani.

"Wamependeza," alisema shangazi. "Walinijia wapendeze, wamependeza." Akavua miwani, akachukua ufagio, akafagia sakafu ambayo haikuwa na kitu.

Jioni ile nyumbani baba alinawa mikono, akakaa mezani, akasema, "Tunashinda, binti yangu. Andika hotuba ya ushindi." Halafu akacheka. Ni kicheko ambacho Profesa alikijua tangu utotoni, kicheko alichowahi kukipenda, na sasa alikisikia kikitoka kwenye safu ya tatu. Chakula kikamkataa. Alisema kichwa kinamuuma, akaenda kulala. Usiku kucha hoja moja ilimzunguka: labda alicheka tu. Labda alikwenda kupeleleza. Kucheka si kupiga kura. Alimtetea baba yake kama wakili aliyelipwa, na kila hoja ilikuwa nzuri, na hakuna iliyomsaidia.

*

Spika alishinda kwa mbali.

Matokeo yalisomwa mchana mbele ya ofisi ya kata. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nawashukuru sana kina mama." La pili lilikuwa, "Na dada yangu kinyozi nampa pole. Arudi kazini, vichwa vyetu vinamhitaji!" Watu wakacheka tena, ingawa safari hii walicheka kwa wema, kama watu walioshiba.

Kesho yake asubuhi kinyozi alifungua duka, akavunja wembe, akajinyoa mkono wa kushoto. "Haya, aje wa kwanza."

Wakaja. Hilo ndilo lililomshinda Profesa kuliko kushindwa kwenyewe: walikuja. Wakakaa kwenye benchi lile lile, nyuso zimekunjwa kwa msiba.

"Pole, Mama Wembe," alisema Mwalimu. "Wametuibia. Mimi nilikupa."

"Hata mimi nilikupa," alisema fundi baiskeli. "Na nyumba yangu yote."

"Wanawake ndio waliokuangusha," alieleza mwingine. "Wanawake hawapendani, bwana. Hiyo inajulikana."

Kama kila aliyesema amempa angempa kweli, Spika angebaki na kura yake na ya mkewe, na ya mkewe hatuna uhakika nayo. Profesa aliwatazama mmoja mmoja. Kule chuoni alifundishwa kwamba kura ni jibu: watu wanaulizwa nani atawafaa, wanajibu, wakikosea ni kwa kutojua. Ndiyo maana aliandika hotuba zote zile. Lakini watu hawa walijua. Choo walikiona kikifunguliwa kwa macho yao. Spika hakuwaahidi hata kijiko, wala hawakumdai. Hakuwa amewadanganya kitu. Aliwapa nafasi ya kusema kwa sauti, mchana, wakiwa wengi, lile wanalolisema nyumbani kwa sauti ya chini wakisahihishwa na mke au mama. Kura ile hata haikuwa yake. Kila mmoja alijipigia mwenyewe, kura ya kubaki bwana wa mahali fulani, hata kama mahali penyewe ni benchi la mbao kwenye duka la mwanamke. Kicheko cha uwanjani hakikuwa kitu kilichotangulia kura. Kilikuwa kura. Siku ya uchaguzi walikwenda kukiandikisha tu.

Akatazama nywele zilizotapakaa sakafuni, nyeusi, nyeupe, za kahawia, zikajaa mpaka kwenye kiatu chake. Akainua miguu.

Karibu na adhuhuri, benchi lilipopungua, muuza nyanya akaja mlangoni. Hakuingia. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona yumo mtu mmoja tu kitini, tena uso umefunikwa kwa taulo la moto. Akasema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi, "Mimi nilikupa, mama. Na wenzangu wa safu yetu. Usimwambie mtu, mume wangu alitutaka tumpe yule." Akaondoka kabla hajajibiwa, akipitia njia ya chooni.

Waliompa hawakuthubutu kusema, na wasiompa hawakunyamaza.

*

Kaka alifika baada ya saa ya chakula, amefura kwa hasira. Alimsalimia bintiye bila kumwangalia, akajitupa kitini.

"Dada, hili hatuliachi. Tukate rufaa. Hizi kura zimechezewa. Mimi kama meneja wako—"

"Egemea nyuma."

Akaegemea. Dada akampaka povu. Alimnyoa kama alivyomnyoa siku zote, shavu la kulia, la kushoto, chini ya kidevu, na alipofika kooni kaka akanyamaza, kwa sababu hiyo ilikuwa sheria ya duka tangu enzi za baba yao: wembe ukiwa kooni hakuna mazungumzo. Profesa alikuwa dirishani na kitabu mkononi. Hakuwa amegeuza ukurasa tangu baba yake aingie. Wembe ulipita juu ya kikoromeo, ukarudi, ukapita tena. Ungesikia nywele zinavyokatika.

Halafu shangazi akamfuta uso, akamwinua, akamgeuza kwenye kioo kikubwa, akachukua kile kioo kidogo chenye mgongo wa bati, akakishika nyuma ya kichwa chake.

"Unakiona kisogo chako?"

"Nakiona. Safi."

"Tazama vizuri. Nyuma ya sikio."

"Nini? Umenikata?"

"Siku moja tu. Tulikuwa watoto." Akakisogeza kioo karibu. "Ndivyo ulivyoonekana Jumamosi ile uwanjani. Hivyo hivyo, kwa nyuma. Ulikuwa safu ya tatu."

Kaka hakugeuka. Alimtazama dada yake kupitia kioo, halafu akamtazama binti yake kupitia kioo hicho hicho, na binti kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuinamisha macho.

"Dada," alisema. "Ule ni utani. Siasa ni utani. Nilikwenda nisikie adui anasema nini."

"Na mikono?"

"Mikono ipi?"

"Uliyoinua."

Akajikuna shingo. "Sasa watu wote wanacheka, mimi ninune? Wangenionaje?" Akasubiri. "Hujui nilivyoishi miezi hii. Kule ghalani wananiita mume wa diwani. Wanasema nimevaa gauni la dada yangu. Hata vijana wa kubeba magunia! Ungeshinda je, ningepita wapi? Wewe umeshindwa siku moja, mimi ningeshindwa kila siku."

Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyedhulumiwa. Huyu ndiye aliyeleta fomu kwa mikono miwili. Alimleta dada yake mpaka mlangoni, halafu akaogopa asije akaingia kweli.

"Lakini kura nilikupa," alisema baba yake. "Hilo jua. Damu ni damu. Kura nilikupa."

Akameza mate. Kikoromeo, kilichonyolewa dakika ile na kung'aa, kikapanda, kikakaa juu kidogo, kikashuka.

Dada yake aliteremsha kioo. Alimfungua shuka, akalikung'uta mara moja, nywele zikaanguka. Akamsafisha shingo kwa brashi, pande zote mbili, chini ya ukosi pia, kwa sababu alijua zinamwasha.

"Haya," alisema. "Umependeza. Nenda kazini."

Akaenda. Alisimama kidogo mlangoni kama anayetaka kuitwa, hakuitwa, akashuka ngazi. Waliisikia sauti yake huko nje ikimsalimia fundi baiskeli, na fundi akajibu jambo, na wakacheka wawili.

Shangazi alitoa ile nusu ya wembe kwenye mpini, akaitia kwenye kopo la nyembe zilizotumika. Akachukua ufagio. Profesa aliweka kitabu chini. Alikuwa na swali moja tu, amelibeba tangu Jumatatu ile, na alijua kwamba akitoka pale bila kuliuliza ataliandika maisha yake yote bila kulimaliza.

"Shangazi. Baba alikupa kura?"

"Hapana, mwanangu," alisema shangazi. "Inua miguu, nifagie."